Mashabiki wa Jukwaa la Mashariki

Nchi ya Tukuka haimo kwenye ramani yoyote, na wa kulaumiwa ni waliochora ramani, si mimi. Mimi nilipita tu huko, nikala, nikashiba, nikayaona yaliyotokea katika Chuo Kikuu chao, na sasa nayasimulia kama yalivyokuwa. Msomaji akiona humu sura ya mtu anayemfahamu, basi ajue dunia ina watu wengi na sura ni chache.

Mambo yalianza siku timu ya taifa ya Tukuka ilipofungwa sita bila na Udongwe. Udongwe ni kisiwa, tena kidogo kiasi kwamba golikipa akibutua mpira unaangukia baharini, ndiyo maana watu wake wamejifunza kupiga pasi za karibu karibu. Timu yao ilikuwa na mabeki wawili kutoka posta, kinyozi, daktari wa ng'ombe, na mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mwanawe akaombwa asimame winga ya kushoto kwa sababu kulikuwa na pengo. Mzee huyo alifunga mawili.

Tukuka ililia. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio ikapiga nyimbo za msiba, na Mtukufu Rais, ambaye pia ni Mkuu wa Chuo Kikuu, Mlezi wa Maskauti na Mkulima Bora wa kila mwaka, akaunda Tume ya Kutafuta Sababu. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Pambamoto, Waziri wa Elimu ya Juu, Michezo na Mambo Yanayofanana na Hayo. Tume ilizunguka nchi nzima, hoteli kwa hoteli. Viwanjani haikwenda, maana huko kulikuwa na jua. Mwishowe ilirudi mji mkuu na sababu mkononi, na sababu yenyewe ilikuwa uchoraji.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Pambamoto alinguruma mbele ya mkutano wa hadhara, "mpira unapigwa kwa nini?"

"Kwa mguu!" umati ukaitikia.

"Picha je, inachorwa kwa nini?"

"Kwa mkono!"

"Na mkono ukigusa mpira, tunasemaje?"

"Amenawaaa!"

"Sasa sikilizeni basi! Chuo Kikuu chetu kina idara nzima ya watu wanaonawa! Wananawa asubuhi, wananawa jioni, wananawa miaka mitatu mfululizo kwa fedha ya serikali, halafu tunawapa na shahada!"

Watu walishika vichwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo. Palepale ikaamuliwa kwamba fungu la Idara ya Uchoraji na Uchongaji lihamishiwe kwenye ujenzi wa uwanja wa kisasa wa mpira, na kwamba uwanja huo ujengwe mahali ilipo karakana ya idara hiyo, ili maovu yang'olewe na mizizi yake.

*

Mkuu wa idara hiyo alikuwa Dokta Zawena Mtumbuka, mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye viwiko vyake havikuwahi kukosa rangi hata siku za harusi. Aliingia karakana ile akiwa msichana wa mwaka wa kwanza, na hakutoka tena isipokuwa kwenda kula na kulala. Habari alizisikia redioni akiwa anafundisha namna ya kuchora goti. Aliweka brashi chini, akaenda moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mansuri Kilembwe.

Profesa Kilembwe alikuwa bingwa wa fizikia ambaye hakuigusa fizikia tena tangu apewe gari lenye dereva. Alimpokea kwa tabasamu na soda.

"Profesa, ni kweli mnaibomoa karakana yangu?"

"Hatubomoi, Dokta. Tunaishusha tu usawa wa ardhi."

"Na sanaa?"

"Aa, sanaa naipenda mno! Nyumbani kwangu sebuleni nina kalenda ya maua. Mwaka wake umekwisha zamani, lakini nimegoma kuitoa. Mke wangu ni shahidi."

"Nina wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Profesa. Wamebakiza kazi moja tu wahitimu. Wataifanyia wapi?"

"Usiwe na wasiwasi. Kitivo cha Kilimo kimetuazima banda la kuku."

"Kuku wamehamia wapi?"

Profesa alikohoa. "Kuku hawajahama. Kuku wako kwenye fungu jingine, na fungu hilo Waziri hajaligusa." Kisha akainama, sauti ikawa ya kirafiki. "Ila kuna jambo dogo, dada yangu. Idara yenu isipoonyesha mchango wowote kwa michezo kabla ya mahafali, inafutwa. Wanafunzi wako watahamishiwa Stashahada ya Kupuliza Filimbi ya Refa."

Zawena hakulia ofisini. Aliinywa soda yake mpaka mwisho, maana aliyetengewa haachi, akaaga, akalia njiani peke yake kando ya ukuta wa maabara. Alipofika bandani macho yake yalikuwa mekundu bado, lakini akakuta wanafunzi wake, waliokwisha kuhamishiwa huko, wamejipanga kwenye ndoo zilizopinduliwa, na wamekwisha kuwachora kuku wote. Mmoja alikuwa amemchora jogoo akiwa ameketi kama Waziri, kifua mbele, mdomo wazi.

"Huyu mkia wake umeukosea," Zawena alisema akipangusa pua, na somo likaendelea.

*

Uwanja ulianza kujengwa kwa kishindo. Lilijengwa lango kwanza, maana wageni huingia kwa lango. Halafu ukajengwa ukumbi wa waheshimiwa, wenye viti vya kukunjuka na friji ndefu kama kabati la nguo. Likafuata bango lenye picha ya Mtukufu Rais akiupiga mpira kwa kichwa, huku kofia yake ikibaki mahali pake. Baada ya bango, mkandarasi, ambaye kwa bahati njema alikuwa shemeji yake Waziri, alitangaza kwamba kazi zote ngumu zimekamilika, zimebaki vitu vidogo vidogo tu kama vile uwanja.

Nyasi ziliagizwa kutoka nchi ya barafu. Zilifika zikiwa zimevimba kwa hasira, zikatazama jua la Tukuka, zikafa siku hiyo hiyo. Majukwaa yalikuwa vigingi vinne na kamba. Fedha haikuwepo tena, na aliyeuliza imekwenda wapi alijibiwa kwamba fedha ni kama mpira, ikikaa mguuni kwa mmoja muda mrefu mchezo unakufa.

Basi wengi wakadhani kwamba wanamichezo wa chuo walikuwa wakila raha. Hata Zawena alidhani hivyo, na kila alipokutana na mtu aliyevaa bukta aligeuza uso. Siku moja alipita kando ya uzio wa uwanja akamkuta kijana mmoja mwembamba, urefu wake wote miguu, ameshika waya anachungulia ndani. Alikuwa Nkwabi, kapteni wa timu ya chuo, timu ambayo ndiyo ilikuwa imeteuliwa kuliwakilisha taifa baada ya ile ya zamani kujificha.

"Mwalimu, msituchukie," Nkwabi alisema bila kugeuka. "Na sisi hatujaukanyaga."

"Kwa nini? Si wenu?"

"Umekuwa mali ya taifa. Haukanyagwi mpaka Mtukufu aufungue. Tumepewa ruhusa ya kuutazama, Jumanne na Alhamisi."

"Mazoezi mnafanyia wapi?"

"Kwenye korido ya maktaba." Alisita kidogo. "Bila mpira. Mkutubi anasema mpira una kelele."

Zawena alimtazama kijana yule vizuri, kwa jicho la mchoraji, akaona jinsi vidole vyake vilivyoukumbatia waya. Hasira aliyokuwa ameibeba kwa watu wa bukta ikamtoka yote kama pumzi. "Njoo bandani, nikupe chai," alisema. "Ila ukiingia inama, na usimkanyage yule mweupe, amelalia mayai."

*

Baadaye ikatangazwa kwamba Mtukufu Rais ataufungua uwanja mwenyewe, na kwamba siku hiyo Tukuka itarudiana na Udongwe.

Asubuhi ya pili Profesa Kilembwe alionekana akikimbia kuelekea banda la kuku, amevaa suti na kandambili. Kuku walimkimbia, yeye akawakimbia kuku, na mwishowe akasimama mbele ya Zawena akihema.

"Dokta. Swali la kitaaluma. Hivi nyasi zinachorika?"

Zawena aliweka kikombe chini. "Zinachorika."

"Jukwaa je?"

"Linachorika."

"Lenye watu?"

"Wangapi?"

"Wajae," Profesa alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Wajae mpaka wengine waonekane wamekosa nafasi."

Nkwabi, aliyekuwa pembeni na kikombe cha chai, alianza kucheka hadi jogoo akawika. Zawena hakucheka. Alisema atafanya, kwa sharti kwamba kazi hiyo ihesabiwe kuwa mtihani wa mwisho wa wanafunzi wake, na kwamba ndiyo mchango wa idara kwa michezo, na kwamba karakana ijengwe tena.

"Nakubali la kwanza na la pili," Profesa alisema, "na la tatu nakubali kwa moyo." Kwa Tukuka, kukubali kwa moyo ni njia ya heshima ya kukataa. Zawena alijua. Lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kusimama na kukunja mikono ya mashati.

Kazi ilikuwa kubwa. Kwa nyasi walichanganya rangi ya kijani na uji wa muhogo ili ishike udongoni, wakaumwaga na kuusambaza kwa mafagio, Nkwabi na timu yake wakisaidia kuvuta ndoo. Kwa jukwaa la mashariki walishona turubai na mashuka na mapazia ya bweni, wakayatundika kwenye vigingi, wakaanza kuchora mashabiki.

Mwanafunzi mmoja mvivu alichora vichwa kama nazi, safu kwa safu, vyote sawa. Zawena alivitazama akatikisa kichwa.

"Usichore umati, mwanangu. Chora watu. Huyu ana njaa. Huyu ameletwa na mumewe kwa nguvu. Huyu viatu si vyake."

Basi wakachora watu. Wakamchora mzee anayepiga miayo, bwana mmoja anayetafuna karanga huku akizificha jirani yake asizione, msichana anayemtazama mvulana asiyemtazama, na mtu mzima amelala fofofo mdomo wazi. Safu ya tatu, katikati, Zawena alichora kwa mkono wake mama mmoja mwenye kanga nyekundu, mikono mapajani, anayetazama mbele kwa macho matulivu yasiyopepesa.

"Huyu nani, mwalimu?" Nkwabi aliuliza. "Ananitisha."

"Mama yangu mzazi. Siku niliyomwambia nimeacha uhasibu nimeingia uchoraji."

*

Siku ya ufunguzi Mtukufu Rais alichelewa kidogo tu, kutoka asubuhi hadi alasiri. Waheshimiwa walijaa ukumbini karibu na friji. Kwa mbali, jua likiwa nyuma yake, jukwaa la mashariki lilipendeza hadi wauza maji walikwenda kulitembezea biashara, wakarudi wakisema watu wa kule wana maringo.

Mpira ukaanza. Niseme ukweli, vijana wa Tukuka walicheza vizuri sana kila mahali ambapo mpira haukuwepo. Korido ya maktaba ilikuwa imewafundisha kukimbia kwa mstari, kupishana kwa adabu na kutopiga kelele. Tatizo lilitokea mpira ulipowafikia. Waliutazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila hodi.

Lakini rangi ilikuwa haijakauka. Mchezaji wa kwanza kuteleza alikuwa kinyozi wa Udongwe, na aliinuka akiwa kijani kuanzia kisogoni hadi kisiginoni. Akafuata beki wa posta. Akafuata Nkwabi. Baada ya muda watu wote uwanjani walikuwa kijani kibichi, na kijani ndiyo rangi ya jezi ya Tukuka. Refa alizunguka akihesabu, akahesabu tena, akaona wachezaji ishirini na wawili wa timu moja. Kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, kila goli lililofungwa aliliandika kwa Tukuka.

Udongwe walifunga matano. Tukuka ikashinda matano bila.

Waheshimiwa walirushiana viti kwa furaha. Mizinga ikapigwa. Yule mzee wa Udongwe, ambaye alikuwa amefunga matatu kati ya hayo, aliulizwa na mtangazaji wa redio anajisikiaje kulitumikia taifa lake la Tukuka, akajibu kwamba anaomba maji ya kunawa uso.

Mtukufu Rais akapanda mimbari ya ukumbi, kipaza sauti kikiwa kimebanwa kwenye koti lake, akahutubia ushindi. Lazima msomaji aelewe kwamba huko Tukuka rais akinyamaza kuvuta pumzi, ni desturi kupiga makofi. Alivuta pumzi, na ukumbi ukanguruma. Alivuta tena, ukanguruma tena. Mara ya tatu aligeukia mashariki, akainua mikono na kuita, "Tukuka hoyeee!"

Jukwaa la mashariki lilikaa kimya.

"Nasema hoyeee!"

Mzee alikuwa anapiga miayo. Bwana wa karanga alikuwa anatafuna. Mama mwenye kanga nyekundu alikuwa anatazama.

Mtukufu akashusha mikono. Mkuu wa Usalama alitumwa haraka, akakimbia hadi mbele ya jukwaa, akapiga kelele, akatisha, akarudi na jasho.

"Wamegoma, Mtukufu. Nimewauliza majina, hakuna aliyefungua mdomo. Wamefundishwa hawa. Mmoja amejifanya kalala."

"Wakamatwe!" Mheshimiwa Pambamoto alibweka, ingawa alijua vizuri wao ni nani, na ndiyo maana alibweka kwa nguvu.

"Subiri," Mtukufu Rais alisema. "Nitazungumza nao mimi."

Na kabla ya mtu yeyote kumzuia, alishuka. Aliikanyaga ile rangi ya kijani akiacha nyayo, suruali ikibadilika rangi, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya mama wa safu ya tatu. Walinzi walibaki nyuma. Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, kwa hiyo nchi nzima ilisikia.

"Mama, shikamoo."

Kimya.

"Hukufurahi hata kidogo? Matano bila, mama." Akangoja. "Au ni barabara? Barabara ya kwenu nimeiahidi. Uliza popote, hakuna rais aliyeiahidi mara nyingi kunishinda mimi."

Mama alimtazama.

"Usinitazame hivyo." Mtukufu aliangalia viatu vyake. "Haya. Kwa kweli hata mimi huu mpira siujui. Nimekaa pale naangalia, Waziri akisimama nasimama. Na viatu hivi vinanibana tangu asubuhi." Sauti yake ikapungua, na spika zote zikapungua nayo. "Nilipokuwa kijana nilitaka kupiga tarumbeta, mama. Nilikuwa hodari. Baba akasema tarumbeta haina pensheni."

Ukumbini mtu mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, jirani yake akamshika mikono.

Mtukufu Rais alinyoosha mkono akamgusa mama yule begani, kama mtu anavyomgusa mzazi wake. Kidole kikarudi kikiwa chekundu.

"Amejeruhiwa!" Mkuu wa Usalama alipiga yowe. Mheshimiwa Pambamoto akazirai, akaangukia kwenye friji. Lakini Mtukufu alikuwa anakinusa kidole chake. Akagusa turubai tena. Likayumba, na safu zote sita zikayumba pamoja nalo.

"Nani amefanya hivi?"

Profesa Kilembwe alimnyooshea Zawena kidole kwa kasi ambayo hakuna mwanariadha aliyewahi kuifikia chuoni pale. Zawena alitoka mbele. Alijua wanafunzi wake wanamwangalia, na kwamba mtihani wao wa mwisho ndio huo unaoning'inia kwenye kamba.

"Kwa nini hukumchora akipiga makofi?" Mtukufu aliuliza.

Zawena alikuwa ametunga utetezi mrefu wa kitaalamu, wenye mtazamo na kivuli na uwiano. Wote ulimtoka kichwani.

"Mtukufu, yeye anasikiliza," alisema. "Angekuwa anapiga makofi, asingesikia habari za tarumbeta."

Mtukufu Rais alikipangusa kile kidole chekundu kwenye suruali. Kisha akamwuliza anachorea wapi.

"Banda la kuku, Mtukufu."

"Na kuku?"

"Wamo."

"Hizi nyasi?"

"Rangi, Mtukufu," Nkwabi alijibu, naye alikuwa kijani mwili mzima hivyo aliaminika.

"Na ushindi wetu?"

Hapo Mheshimiwa Pambamoto alizinduka ndani ya friji, akainua kichwa na kusema, "Ushindi ni halisi kabisa, Mtukufu!" akazirai tena.

Mtukufu aliangalia picha mara ya mwisho. "Huyu mama ana busara," alisema. "Apewe nafasi." Akaenda zake, akichechemea kwa sababu ya viatu.

*

Huko Tukuka amri ya rais haiulizwi maana. Ilijadiliwa siku nyingi "apewe nafasi" ni nafasi ipi, na kwa kuwa iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu, mama wa safu ya tatu alikatwa kwenye turubai kwa uangalifu, akawekwa kwenye fremu na kuapishwa kuwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo Kikuu. Posho yake ya kikao iliwekwa mbele yake. Akawa mjumbe wa kwanza katika historia kuiacha mezani. Mheshimiwa Pambamoto alihamishiwa Wizara ya Uvuvi, ambako hadi leo anawauliza wananchi samaki anaogelea kwa nini.

Kikao cha kwanza cha Baraza, Zawena alialikwa kama mkuu wa idara, na Nkwabi kama mwakilishi wa wanafunzi. Profesa Kilembwe alisimama kuwasilisha bajeti mpya. Ilikuwa fupi. Fedha yote ya uchoraji na yote ya michezo ilielekezwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu ya Ushindi wa Matano Bila.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza, akiwa amekwisha kuanza kukusanya makaratasi. Kwa heshima akainua macho kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa anamtazama.

Profesa akatabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Profesa akalegeza tai.

"Naona Mwenyekiti ana... naam. Ni swali la msingi. Wachezaji watachezea wapi. Ni kweli, mnarani hapachezeki." Akapangusa paji la uso. "Na paa la wachoraji, ndiyo, nilikuwa nalifikia hilo, Mwenyekiti, lilikuwa ukurasa wa nyuma." Akageuza ukurasa wa nyuma, ulikuwa mtupu, akaugeuza tena. Sauti yake ilianza kuwa ya mtoto aliyevunja sahani. "Basi mnara tuuache. Tuuache kabisa. Nyasi za hapa hapa kwetu, mbegu zake hazina gharama. Na karakana kando ya pale ilipokuwa, kaskazini mwa goli. Kila mmoja apate chake. Nimekosea, mama."

Nkwabi alimpiga Zawena kiwiko chini ya meza. Zawena alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yalikuwa yanamcheza, na hata yeye hakujua kama analia au anacheka.

*

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri. Nyasi zilimea, za kawaida, zile ambazo mbuzi wa Tukuka wanazijua kwa jina. Karakana ilisimama, na wanafunzi waliofanya mtihani kwenye turubai walihitimu wote, hata yule wa vichwa vya nazi. Jukwaa la mashariki likajengwa kwa mbao za kweli, na Udongwe wakaalikwa tena.

Safari hii walikaa watu wenye pumzi. Walikuja na karanga zao na watoto wao, wakabanana, wakatulia. Mtukufu Rais akafika, tena kwa wakati, akiwa na viatu vipana. Alifungua hotuba nene kama godoro. Akasoma ukurasa wa kwanza, akavuta pumzi.

Ukumbi wa waheshimiwa ulinguruma. Jukwaa la mashariki halikunguruma. Watu hawakuwa na ubaya. Waliketi tu, mikono mapajani, wakimtazama na kumsikiliza, kwa maana walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mtu anaweza kukaa hivyo mbele ya rais na asifanywe kitu, bali apewe nafasi.

Mtukufu alisoma mstari mmoja zaidi. Akawatazama. Akapima unene wa karatasi zilizobaki kwa kidole gumba, akazikunja taratibu, akazitia mfukoni.

"Kwa hayo machache," alisema, "nafungua mchezo."

Na kwa mara ya kwanza tangu Tukuka iwe nchi, yalikuwa machache kweli.

Udongwe walishinda mawili kwa moja. Lile moja alilifunga Nkwabi, kwa shuti la mbali lililopita juu ya mabeki wote wawili wa posta, na jukwaa la mashariki likalipuka lote kwa pamoja, watu wakikumbatiana na wasiowajua, Dokta Zawena akirusha kiatu hewani asijue kimeangukia wapi. Mtukufu Rais alishtuka kwenye kiti chake. Alimshika mkono Waziri mpya akamnong'oneza, "Hilo ni letu?"

"Ni letu, Mtukufu."

Mtukufu alishangaa sana.

"Mbona sikuliagiza?"